Juni na Julai zimebaki nyuma ya kioo cheusi

Njombe, Jumatatu, katikati ya Agosti. Ukungu haujapanda tangu asubuhi. Nguo za Eliya zina siku ya tatu kwenye kamba na bado mbichi.

Samahani nimekaa kimya muda mrefu. Mara ya mwisho kuandika hapa mahindi yalikuwa bado shambani. Wawili watatu mmeniuliza kama tumehama. Hatujahama. Kompyuta imekufa, au imezimia, sijui niseme vipi, na haya nayaandika kwa simu, kwa kidole kimoja, Eliya akiwa mgongoni.

Nianzie pale ninapopakwepa siku zote.

Lusungu wangu ana miaka minne na ana kifafa. Sijawahi kuliandika neno hilo humu. Nimekuwa nikisema "anaumwaumwa", kama vile ni mafua. Leo nimeliandika.

Tangu Januari daktari wa kliniki aliniambia niweke kumbukumbu kila mtoto anaposhikwa: siku, saa, alikuwa anafanya nini, mkono upi ulianza kucheza, ilichukua dakika ngapi. Alisema yeye anamwona Lusungu robo saa tu, mimi ndiye ninayeishi naye. Mwanzoni mwa Juni akabadilisha dawa. Tukirudi Agosti ataangalia Juni na Julai zimekwendaje, ndipo aamue kama ataiongeza dawa hiyo au ataiacha.

Kliniki ni Alhamisi hii.

Juni na Julai ziko ndani ya kompyuta.

Kulikuwa na daftari. Daftari lilikaa chini ya mto, na kila jioni nilihamishia maneno yake kwenye kompyuta, kwenye jedwali. Mimi nachapia watu barua za kuomba kazi na ratiba za harusi hapahapa sebuleni, nikaona si haki kumbukumbu ya mwanangu ndiyo iende kwa daktari ikiwa na madoa ya uji na kuku aliochora mwenyewe pembeni. Mwisho wa Julai mkaa ulikuwa umelowa, Eliya analilia uji, sina kipande cha karatasi. Nikachana daftari nikawashia jiko. Ya nini, nilijiambia, yote si yamo ndani?

Nimelisema sasa. Nililichoma mwenyewe, kwa mkono wangu.

Wiki iliyofuata nikabonyeza kompyuta. Taa ikawaka, feni ikalia, kioo kikabaki cheusi. Nikazima, nikawasha. Cheusi. Nilijiona humo ndani nimekaa na kitambaa kichwani kama mtu anayesubiri zamu yake.

Wiki mbili nzima sikumwambia mtu. Baba Lusungu yuko Makete kwenye mbao, anarudi mwisho wa mwezi, nikaona nisimtie presha. Na dada yangu Ester ndiye aliyeninunulia hiyo kompyuta, kuukuu ya ofisini, ili nipate kazi ya kufanya nikiwa na watoto. Yeye ni fundi wa simu na kompyuta Makambako, karibu na stesheni. Nilikuwa naogopa kumpigia. Kila asubuhi nilibonyeza tena, kama vile usiku itakuwa imepona.

Leo nimempigia. Alhamisi haisubiri aibu yangu.

Aliitikia salamu ya kwetu, kamwene, akaanza kunichokoza. Akasema leo maajabu, nimepiga badala ya kuandika. Simu yake imejaa "kashikwa tena, kashikwa tena", mtu atafikiri sina neno lingine la kumwandikia ndugu yangu, wala simtafutagi pasipo shida. Nilicheka, lakini iliniingia. Halafu nikamweleza yote, hadi daftari.

Hakunigombeza. Alisema niweke simu kwenye spika, tuanze na kilicho rahisi.

Kwanza nikachomoa waya wa monita kutoka kwenye boksi la kompyuta, monita ikabaki na umeme wake. Yakatokea maandishi kwamba haipokei kitu. Ester akasema basi monita ni nzima, inasubiri tu kuletewa picha, ugonjwa uko kwenye boksi. Nikarudisha waya. Pili akanituliza nisikilize wakati wa kuwasha. Kuna mlio mdogo ambao kwa wiki mbili sikuwa nimeusikia, kwa sababu ya Eliya kulia: titi-titi-titi, kimya, titi-titi-titi. Akasema kwa mashine ile huo ni mlio wa RAM, zile kadi ndogo ambazo kompyuta hushikia kazi inapokuwa imewaka. Isipozisoma haiendi popote, na kioo hakipati kitu.

Kisha akauliza nimekuwa nikiiweka wapi.

Wanaoishi huku mnajua baridi ya Juni. Vifaranga tunaviweka kwenye boksi kando ya jiko na kuvifunika kitenge, la sivyo asubuhi unaokota mizoga. Kompyuta nayo alfajiri ilikuwa ya baridi kama jiwe la mtoni, na ilikuwa inachelewa kuwaka. Nikaona inaumwa baridi. Nikaisogeza kando ya jiko na kuifunika kitenge, jioni hata asubuhi, Juni yote na Julai yote. Nilikuwa naihurumia kabisa.

"Mama Lusungu," Ester akasema, "kompyuta siyo kifaranga."

Akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, machozi yakanitoka humohumo kwenye kicheko, na sijui yalikuwa ya nini.

Nilichomoa umeme ukutani, nikafungua ubavu kwa bisibisi ya cherehani. Majivu. Laini, ya kijivu, yametanda kwenye feni na kila pembe kama vumbi la mashine ya kusaga. Nikazitoa zile kadi mbili. Akanielekeza nisugue meno ya kadi, yale ya rangi ya dhahabu, kwa kifutio, taratibu, bila kuyashika kwa vidole. Kifutio pekee cha nyumba hii ni cha Lusungu cha chekechea, chenye umbo la samaki. Nilimwomba. Akafikiri kidogo, akanipa, akasimama pembeni kuhakikisha samaki haishi. Nikazirudisha kadi mpaka zikalia ta huku na huku.

Nikawasha.

Ikawaka kweli! Picha ya Lusungu na kofia ya babake ikatokea kioo kizima, naye akajipigia makofi.

Sina flashi. Printa haina wino. Nikashika simu nikaanza kupiga picha jedwali, ukurasa kwa ukurasa, kuanzia juu. Januari. Februari. Machi. Aprili. Nilikuwa namaliza Mei kioo kikatetemeka, kikajaa mistari, kikazima. Feni inalia. Cheusi.

Kwa nini sikuanzia chini?

Nimejiuliza hilo toka mchana. Nilianzia juu kwa sababu kurasa huanzia juu, hakuna sababu nyingine. Sasa ninayo miezi mitano ya dawa ya zamani, ambayo daktari alishaisoma, na sina hata siku moja ya dawa mpya. Agosti iko ukutani, nimeiandika kwenye kalenda ya kanisa.

Nilisafisha tena mara tatu. Ester akanizuia. Kadi moja au zote mbili zimeungua kwa joto, nikilazimisha nitaua na kingine. Maandishi hayajafutika, akasema, yako kwenye diski, nitoe diski nimtumie kwa basi ayatoe yeye. Nikakataa. Parachichi nilizomtumia mwezi uliopita zilipita Makambako zikaenda mpaka Mbeya, zikarudi siku ya nne zimeiva kupita kiasi. Parachichi zipo nyingi. Hiyo diski ni nakala moja. Haitoki nyumba hii. Na Lusungu simpandishi gari la Makambako wiki ya kliniki. Ester akasema mimi ni mbishi kama mama. Sawa.

Halafu nilifanya jambo ninaloliungama hapa. Nilichukua karatasi nikaanza kuzijaza Juni na Julai kutoka kichwani. Mara ya kwanza nakumbuka, alikuwa anamenya karanga. Nyingine alikuwa kwenye beseni. Lakini tarehe? Saa? Nikaandika saa nne. Nikafuta. Nikaandika saa tano, dakika mbili. Ikaonekana nzuri sana. Nikaendelea mpaka nikafika mistari saba, safi, hata daktari angenisifu.

Lusungu akaja na samaki wake akaniuliza naandika nini. Nikamwambia naandika habari zako.

Nikaichana ile karatasi. Dozi ya mtoto haiwezi kutoka kwenye tarehe nilizotunga mimi kwa sababu ya aibu. Kama itabidi, nitampelekea daktari nafasi tupu na nimweleze zilivyotokea, jiko na kitenge na yote.

Nilipokuwa namlaza Eliya ndipo yale maneno ya Ester yakanirudia. Simu yake imejaa.

Yangu ni ndogo, nafuta ujumbe kila wiki. Yeye hafuti kitu, hata matangazo. Na mimi kila Lusungu anaposhikwa nikishamlaza ubavu, kabla ya daftari, kabla ya kumfuta mate, humwandikia Ester maneno mawili. Sijui kwa nini. Nadhani ni ili nisiwe peke yangu mle chumbani. Saa inajiandika yenyewe.

Nimempigia, yuko na wateja, hapokei. Dada, najua humu unasoma hata kama hujibu. Ninachohitaji, kwa basi la Jumatano asubuhi, umkabidhi kondakta mkononi, siyo kwenye buti:

RAM mbili kama zile za kwenye picha niliyokutumia.

Flashi, hata ndogo.

Brashi laini ya kutolea majivu.

Kaunta buku moja, jalada gumu. Hilo sitaliwashia jiko.

Na "kashikwa tena" zangu zote, kuanzia siku ya kwanza ya Juni hadi ya mwisho ya Julai, kila moja na tarehe na saa yake kama ilivyoingia. Hizo zisisubiri basi, anza kunirudishia leo. Usiruke hata moja, hata zile za wiki uliyokuwa umenikasirikia na hukunijibu.