Saini Kumi na Moja za Wajdi

Sfax,
Alhamisi, 17 Aprili

Kaka Wajdi,

Assalaamu aleykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi tulichokusikia nacho siku ya Idi kimekwisha, na baridi ya Marseille imeanza kukuhurumia. Sisi hatujambo. Goti la Mama halimsumbui ila anapopanda ngazi kwenda kuanika nguo juu ya paa, na kwa kuwa hakubali mtu mwingine aanike, basi linamsumbua kila siku. Baba ni mzima. Msimu wa zeituni umekwisha, kinu kimeoshwa na kufungwa, naye anashinda uani akitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Mama mkubwa Zohra ameniagiza nikuandikie kwamba bado hajafa, kwa hiyo usijifanye umesahau shali uliyomwahidi. Mimi naendelea na shule. Hisabati nimepata kumi na saba kwa ishirini. Alama ya michezo sitaiandika hapa.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Namtuma Mzee Mongi, jirani yetu, anayekuja huko Jumamosi kumwona mwanawe. Kwenye simu Mama husimama karibu nami mpaka nasikia anavyopumua, na mimi unanijua, nikiulizwa neno huitikia tu. Kwenye karatasi huwa na ujasiri kidogo. Naomba uisome mpaka mwisho kabla hujapokea simu yoyote kutoka Tunis. Jumanne Bi Olfa Chaabouni, mkuu wako wa zamani katika kampuni ya Matmura, amepanga kukupigia akupe kazi. Mama alimpa namba yako, kisha akaapishwa asikwambie, na tangu siku hiyo anaumia kama mtu mwenye jino bovu. Ninataka ujue kwa nini unapigiwa kabla hujajibu ndiyo au hapana.

Najua hulipendi jina la Matmura. Hatukulitaja nyumbani kwa miaka miwili, na wewe pia hukutajwa kwa jina mbele ya Baba. Baba alikuwa akisema "yule wa ng'ambo", kana kwamba wa ng'ambo ni mmoja tu. Alilolishika ni lile moja, kwamba ulimgombeza mkuu wako mbele ya wateja, ukaonyeshwa mlango, na ukaondoka nchini bila kumwambia kitu, mpaka akasikia kwa muuza mkate. Ulichokuwa ukikigombania hakukiuliza, nawe hukumweleza.

Basi ni hivi. Septemba iliyopita Matmura walifanya lile ulilokuwa ukiwaomba. Msimbo wa ile programu yao ya kuhifadhi nakala za kumbukumbu za makampuni waliuweka wazi mtandaoni, kila mtu ausome, autumie, na akiona kasoro atume rekebisho. Na tarehe nane Mei watafanya mkutano Tunis kuonyesha bidhaa mpya. Ipo moja kubwa ya bandari na mabenki, inayofanya seva mia zifanye kazi kama moja. Ipo ndogo ya zahanati na shule, ambayo itagawiwa bure. Juu ya hayo wanaunda baraza la watunzaji wa msimbo, nusu kutoka kampuni na nusu kutoka nje, na hao ndio watakaoamua kipi kiingie na kipi kisiingie. Bi Olfa anataka uwe mmoja wao. Unaweza kukaa Marseille au kurudi, kama utakavyopenda.

Haya nimeyasikia kwa masikio yangu, kwa sababu alikuja hapa nyumbani. Alikuja Jumapili mchana na kijana mmoja mhandisi, wamebeba boksi la makrudhi, vile vitamu vya tende. Mama alikuwa amepika kuskusi ya samaki ya sisi wanne, ikabidi ile ya wanne iliwe na sita, na Mama mkubwa Zohra akatangaza kwamba yeye hana njaa, kisha akala kuliko mhandisi. Bi Olfa si kama nilivyomfikiria. Ni mfupi, ana sauti ya mtu aliyezoea kuwaita watoto kutoka barabarani, na alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa.

Alimweleza Baba kuhusu kuugawa msimbo. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo, akauliza, "Mwanangu, mimi nina kinu. Leo nikigawa mafuta bure, kesho nauza nini?" Mhandisi akataka kujibu kwa maneno ya kitabuni, Bi Olfa akamtangulia. Akasema, "Mzee, sisi tunachogawa ni mchoro wa kinu. Kila mtu ajenge chake akitaka. Lakini kinu kikikwama katikati ya msimu, utamtafuta nani? Huyo wa kuja kukikwamua ndiye tunayemuuza." Baba akaitikia kwa kichwa. Mama mkubwa akasema basi na yeye wamuuze, maana amekwamua watu wengi katika nyumba hii na hajapewa hata asante.

Kisha Bi Olfa akakutaja. Akasema tangu Novemba umewatumia marekebisho kumi na moja, na hakuna hata moja walilolazimika kulirudisha. Kubwa kuliko yote ni lile la saa. Alilieleza vizuri mpaka Mama akaelewa. Moroko, Ramadhani ikikaribia, saa hurudishwa nyuma, kwa hiyo usiku ule saa nane huja mara mbili. Programu ya Matmura ilikuwa inaweka jina la kila nakala kwa kufuata saa ya ukutani. Saa ileile ikija mara ya pili, nakala mpya inakaa juu ya ile ya kwanza na kuifuta. Mwaka jana kiwanda kimoja cha samaki kule Agadir kilipoteza hivyo kumbukumbu zake. Mwaka huu, saa ziliporudi nyuma, hakuna kilichopotea. Akamtazama Baba akasema, "Mwanao alituambia zamani, tukamwona mkorofi. Sasa ametutengenezea mwenyewe."

Mama alilia kwenye leso ya meza. Baba aliinuka akaenda kuleta lile dumu dogo la mafuta ya kwanza ya msimu, lile asilompa mtu, akamwekea Bi Olfa karibu na viatu vyake. Jioni mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Mama alimwambia mke wa Mzee Mongi kwamba Wajdi wake kumbe muda wote huo alikuwa akifanya kazi kimyakimya, na mke wa Mzee Mongi akasema mtoto wa haramu haendi mbali, yaani wa halali ndiye hurudi, sijui alikusudia nini lakini Mama alifurahi.

Mimi nilikuwa jikoni naosha sahani zilizokwisha oshwa.

Kaka, wewe unajua kwamba hujagusa msimbo tangu uondoke. Ulituambia mwenyewe, siku hizi unapakia maboksi na hutaki kuona kibodi. Kwa hiyo umeshaelewa, lakini acha niseme kwa maneno yangu. Marekebisho yale ni yangu.

Nilianza kuusoma msimbo wa Matmura ulipofunguliwa, kama ninavyosoma vitabu, ukurasa kwa ukurasa, alasiri nikitoka shule. Nilitaka kujua ulikuwa unafanya nini huko kutwa. Na kwenye sehemu ya saa nikakuta umeandika, katikati ya msimbo, yale maneno ambayo kompyuta huyaruka na watu tu ndio husoma: "Saa ya ukutani haiaminiki. Tutakuja kujuta Ramadhani. W." Nilikaa nikiyatazama muda mrefu. Ilikuwa kama kuikuta sauti yako chumbani. Kisha nikasema, ngoja nijaribu. Ilinichukua wiki tano. Niliacha saa ya ukutani, nikatumia saa ya dunia ambayo hairudi nyuma kwa ajili ya mtu.

Unajua sheria ya kazi hii, kwamba chini ya kila rekebisho lazima uweke saini, jina lako kamili, kuapa kwamba kazi ni yako au una haki ya kuitoa. Kompyuta uliyoniachia ilikuwa bado imewekwa jina lako. Ilinisainia yenyewe: Wajdi Ghorbel. Mimi sikutazama. Niliona kosa lile siku ya pili, jibu lilipokuja kwenye sanduku lako la zamani la barua pepe, ambalo bado linafunguka lenyewe kwenye kompyuta hii. Bi Olfa aliandika, "Karibu tena Wajdi. Pengo lako lilikuwa linaonekana."

Saini ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Zile kumi zilizofuata sivyo. Kubadilisha jina ni kazi ya dakika moja, na kila mara nilifungua mahali pale, nikaliona jina lako, nikafunga. Mwanzo nilijiambia ni kwa sababu hawatampokea msichana wa miaka kumi na sita. Huo ni uongo, kwani kwenye orodha yao yupo mvulana wa Aleppo wa miaka kumi na tano na wanamheshimu. Ukweli ni kwamba nyumbani hukutajwa, na pale watu walikuwa wanakutaja kila siku. Wajdi ameona hili. Muulizeni Wajdi. Nilikuwa nikitoka shule nikikimbia ili nisome wanavyokuita. Walipouliza swali nilijibu kwa jina lako, kwa ufupi, kwa ukavu wako ule, na hakuna aliyeshuku.

Jana alasiri nilimwambia Baba. Alikuwa uani amefungua redio ambayo ilikuwa inaimba vizuri kabla hajaifungua. Nilisema yote nikitazama bisibisi. Aliifuta kwa pindo la shati. Kisha akaniuliza kama yale maandishi ya kuhusu saa nayo niliyaandika mimi. Nikasema hapana, hayo ni yako, na yana tarehe, uliyaandika mwaka mzima kabla hujafukuzwa. Akaondoa parafujo moja, akairudisha. Akasema, "Basi Wajdi alikuwa anasema kweli." Ni mara ya kwanza kumsikia akilitamka jina lako tangu uondoke, maana hata mbele ya Bi Olfa alisema "kijana wangu" tu. Kisha akaniambia kwamba yaliyobaki niyamalize mwenyewe, na nisimwache mama wa watu aende mkutanoni na jina la uongo mkononi.

Leo asubuhi kabla ya kwenda shule nilimwandikia Bi Olfa. Katika kazi hii hakuna kufuta. Kilichosainiwa kinabaki, unaongeza tu mstari chini yake. Nimeongeza mstari: marekebisho haya kumi na moja ni ya Takwa Ghorbel, mwanafunzi, aliyesaini kwa jina la kaka yake bila yeye kujua. Nikaweka na mstari mwingine kuonyesha maneno yako ya saa na tarehe yake. Mpaka naandika hii hajajibu. Huenda Jumanne simu isipigwe. Ikipigwa, anayekupigia atakuwa anajua. Mama bado sijamwambia. Nitamwambia kesho baada ya swala ya Ijumaa, akiwa amekaa.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Mwezi wa Desemba Bi Olfa alikuandikia barua ndefu, si ya kazi. Nimeichapisha kwenye maktaba ya shule, imo humu ndani ya bahasha. Anaeleza siku ile ya wateja, jinsi alivyojua kwamba una haki na bado akakufukuza kwa sababu aliona aibu, na kwamba amebeba jambo hilo muda wote huu. Anakuomba umsamehe. Niliisoma yote. Ilikupasa uipate Desemba ileile, na mimi nikakaa nayo miezi minne, kwa sababu kukupa ni kukwambia yote.

Na niliijibu. Niliandika, "Yamekwisha, Bi Olfa. Nimekusamehe." Naye akajibu kwamba usiku ule alilala vizuri.

Kaka, msimbo nimeurekebisha na saini nimezirekebisha, lakini hilo sikuligusa, kwa sababu sina haki nalo. Nimemsamehe mtu kwa niaba yako bila kujua kama umemsamehe. Barua yake ni hiyo, isome. Kama maneno yale unayakubali, yachukue yawe yako. Kama huyakubali, mwambie mwenyewe, hata kama itamuumiza, na useme ni mimi. Na kama ni mimi ambaye huwezi kunisamehe, usimpe Mama ujumbe, niandikie mwenyewe.

Baba anakusalimu. Sikubuni hilo: nilimuuliza jana kama nikusalimie, akasema, "Msalimie." Mama anakusalimu sana na anasema ule. Mama mkubwa Zohra anakusalimu na anasema ukumbuke rangi ya shali, iwe ya kahawia, si nyeusi, mumewe alikufa zamani. Msalimie na yule Msenegali unayepanga naye chumba. Mungu akulinde katika kazi yako na katika kutembea kwako.

Ni mimi mdogo wako, na saini hii ni yangu,

Takwa Ghorbel