Kapote kando ya bugali

Masika yangu,

Ni mimi Katungu, ule ulikuwa unaita mudomo ya redio. Najua kusema tu, kuandika hapana. Kalamu iko mu mukono ya Kavugho. Ye ni mupya, analala mu chumba yako hapa Butembo, mu parsele yetu ya bamama benye kupokea banaume. Usimukasirikie, anafagia muzuri kukupita.

Mugongo yangu imezeeka. Mudomo hapana. Juzi nilikuwa naelezea bapya vile kule Beni nilisimamisha basoda kumi ya jeshi mu mustari, kila mumoja na kapote, ile kondomu, mu mukono, kama batu benye kungoja kadi ya uchaguzi. Najua, balikuwa babili. Wewe hauko tena ya kunikatala, donc ni kumi.

Mais iko neno sikukuambiaka. Ule muuzaji wa samaki wa Kyavinyonge. Siku alikula bugali kwako mara ya kwanza, ni mimi nilipiga kelele ya furaha. Nikasema: "Mwanaume akisha kula bugali yako, ye hapana kiliya wa kulipa tena, ni bwana. Bwana hapana kuvalisha kapote." Sisi bote tulikuwa tunafanya vile: wa mulango, ule wa kulipa na kuenda, anavaa; wa sahani, ule wa kula kwako, anaachiliwa. Ukanisikia. Ni ye peke yake uliachilia. Ugonjwa yake ikakuingia, ukakauka kama makayabo, samaki ya chumvi, na siku tulikufikisha ku hopitali ilikuwa imechelewa. Batu banasema ni bulozi. Bulozi gani? Ilikuwa mudomo yangu.

Sasa sikia. Mwezi huu ule muuzaji amerudia, muchana kati, na tilapia tatu. Anauliza Kavugho kama anajua kupika. Na huyu mujinga (andika, Kavugho, andika!) alikuwa tayari anakoroga, anaimba.

Nikapakua mimi mwenyewe. Bugali, samaki, na kapote kando ya sahani, pale batu banawekaka pilipili.

"Mama Katungu, hii ni nini? Mimi ni mutu wa nyumba!"

"Mutu wa nyumba anavula viatu ku mulango, papa. Wewe vala hii."

Alikimbia, akaacha samaki. Tulikula, ilikuwa tamu! Kavugho hakukula, alilia, ye ananiita koko, bibi yake: "Koko, umenifukuzia bwana!" Siku ine hakunisalimia. Siku ya tano nikamuelezea habari yako yote. Na ile kelele yangu pia.

Jumamosi ule mwanaume akarudia. Nikakaa ku kiti yangu, mudomo imefungwa, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Kavugho akapakua. Bugali. Samaki. Kisha nikasikia: "Papa, kapote ndiyo ya kwanza. Ukikatala kwangu, umekatala ku milango yote." Bamama bote bakatoka, bakasimama kila mumoja ku mulango yake, mikono ku kiuno. Akatuangalia sisi bote. Akaenda na njaa yake.

Masika, ile kelele siwezi kuirudisha mu kinywa. Mais sahani yako ya maua iko kwangu. Hakuna mwanaume atakula ndani yake bila kukuta kapote kando, hata akuwe shefu, hata akuwe bwana wa ndoa. Nikifa, Kavugho atapakua.

Lala muzuri, dada. Wasingya, asante.

Kavugho anauliza kama ataweka jina yake pia. Nimemuambia: weka.

Katungu na Kavugho