Mgeni Ndani ya Mashine

Mtaa wa Sokoni,
Garissa.
12 Agosti 1967

Mpendwa ndugu yangu Noordin,

Asalaam aleikum. Kifua chako je, bado kinabana, au hewa ya Marekani imekufaa? Hooyo, mama yetu, hajambo, ila miguu inamsumbua. Dada yetu Arbia amejifungua binti, tumemwita Ebla. Mvua ilikuwa haba.

Baba yetu, Aabo, yu hai. Habari yake ni ndefu, na ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Ulipotueleza kazi yako ya chuoni, niliwasomea wote barua yako kwa sauti. Ulisema mna mashine moja kubwa ya kuhesabu, mmeifundisha kujifanya mashine nyingi. Ndani ya kila moja mnamkaribisha mgeni, yaani mpango mzima wa maagizo, naye hudhani mashine yote ni yake peke yake. Mgeni mmoja akianguka, wenzake hawana habari. Aabo alicheka mpaka akakohoa. Akaitia barua mfukoni mwa shati, akaenda kuwaonyesha watu kazi ya mwanawe.

Kwenye kizuizi cha darajani askari walimpekua. Afisa wao akaisoma yote. Kisomali chetu hakina maandishi, nawe uliandika Kiswahili safi.

"Huyu mgeni ni nani?"

"Mgeni ya mtoto yangu," Aabo akajibu. "Nakaa ndani ya mashini."

"Mashine iko wapi?"

"Iko mbali sana. Kubwa kama nyumba. Wageni iko mingi ndani."

Noordin, hapa kwetu siku hizi mashine ni bunduki ya risasi za mfululizo, na mgeni ni shifta, mwasi wa porini, uliyemlaza kwako.

Walimfungia kambini mpaka mwezi mwingine ukaandama. Nilikwenda kumtetea. Afisa akaniuliza kama nimeiona mashine hiyo kwa macho yangu. Nikasema sijaiona.

"Basi unaapia kitu usichokijua," akasema, akaniamuru nitoke.

Siku moja wakamwachia tu, bila neno. Sikio lake la kushoto halisikii tena, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Alipokuwa ndani waliwachukua ngamia wetu waliokuwa malishoni Ijara, na mpaka leo hatujui walipo.

Sikulaumu. La, nisikudanganye, nakulaumu. Umezaliwa hapa. Unajua wenye bunduki husikia nini tunaposema. Furaha ilikujaa, ukasahau tuliko.

Aabo mwenyewe hana kinyongo nawe. Juzi aliniuliza kama wageni wako wanaendelea vizuri. Niliondoka nikaenda kufunga mbuzi ambao walikuwa wamekwisha kufungwa.

Hooyo ameamua: usituandikie tena habari za kazi yako. Andika kwamba unakula, unaswali, u mzima. Basi. Barua hii naikabidhi kwa Issack mwenye lori, aitie posta Nairobi, isipite mikononi mwa askari.

Arbia anakusalimu, na jirani yetu Mzee Billow pia. Hooyo aliyekuwa akiomba kila alfajiri urudi upesi, sasa anaomba Mwenyezi Mungu akuzuie huko huko.

Wako akupendaye, hata kwa uchungu huu,
Kaka yako Dagane