Ngozi ya Viatu vya Mama

Mdogo wangu,

Tuko wazima, ila mguu wa Mama wa kushoto umeanza tena kuvimba. Paa la jikoni linavuja. Fundi alilitazama akaishia kucheka.

Viatu ulivyomtumia vimefika. Vinang'aa kweli. Cha kulia kiliingia, cha kushoto kikagoma. Mama akasema, "Mwanangu ana mambo mengi, kasahau tu." Nikaitikia.

Unawakumbuka wale wageni uliowaleta karakanani kwangu? Uliniambia, "Waonyeshe kila kitu, dada, hawa ni watu wetu." Nikawapikia, nikawapeleka hadi machinjioni ninakonunua ngozi. Nilivimba kichwa: mdogo wangu yuko wizara ya biashara, ananiletea wateja! Kumbe macho yao yalikuwa kwenye ngozi, si kwenye viatu vyangu.

Kisha nikakusikia redioni ukitangaza kwamba ushuru wa kupeleka ngozi ghafi nje umefutwa, kwa ushauri wa wawekezaji. Sauti ilikuwa ile ile ya utotoni, ya kukana umevunja kitu. Hata simu hukunipigia. Sasa lori lao linazoa ngozi yote kabla sijafika, na mafundi wangu nimewarudisha makwao.

Jana Mama kaniomba nimshonee jozi nyingine, cha kushoto kiwe kipana kama zamani. Nikamwambia ngozi hakuna.

"Imekwenda wapi?"

Nikasema sijui. Ni mara ya mwisho nakufichia.

Dada yako