Penalti Iliyopigwa Mara Mbili

Baraka, Jumapili 21 Mei 2023
Asubuhi mvua nyepesi, kisha jua.

Mpendwa Baba Mkubwa Henri,

Nakusalimu kwa heshima. Lubumbashi mnaendeleaje? Mguu wako umepona? Na Mama Mkubwa, kikohozi kimemwacha? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu, na samaki wa ndagala ni wengi sokoni.

Ninaandika kukushukuru. Ulipompigia Papa, mdogo wako, simu siku ya Pasaka, ndipo alipokubali mdogo wangu Ketsia awe kipa wa timu ya wasichana. Unakumbuka sharti lake: siku Ketsia atakapoleta ugomvi uwanjani, mpira umekwisha. Kwa shemasi kama Papa, mpira na mawe ni ndugu.

Jana tulicheza na timu ya Lweba. Papa alisimama nyuma ya goli letu, mikono mgongoni. Mwishoni, bado bila bao, beki wetu akaushika mpira mbele ya goli. Penalti! Mpigaji wao, Merveille, akamcheka Ketsia: « We mutoto wa shemasi, anza kuomba! »

Akapiga, Ketsia akaupangua. Tuliruka, tukakumbatiana. Kumbe mwamuzi alikuwa amepuliza: kipa ametoka kwenye mstari kabla mpira haujapigwa, penalti irudiwe.

Baba Mkubwa, uwanja ulichafuka. Watu wakamfokea mwamuzi: « Arbitre, bamekulisha nini? » Vijana wetu wakaingia, wengine wameshaokota mawe. Nilimtazama Papa usoni, nikajua Ketsia hatacheza tena.

Ndipo Ketsia mwenyewe akawakimbilia, amenyoosha mikono, akiwasihi kama kaka zake. « Bayaya, mutulie! Arbitre iko na haki. Mi nilitoka mbele apige. Muache arudilie! »

Wakanung'unika, lakini wakatoka. Merveille akarudia, akafunga. Tulishindwa moja kwa bila. Ketsia alilia njia nzima. Sikuthubutu kumuuliza Papa kama mpira umekwisha.

Leo baada ya ibada, tukiwa tunakula, Papa akamgeukia Ketsia.

« Jumamosi munacheza na nani? »

« Na batu ba Fizi, Papa. »

« Nitakuja. Lakini miguu ikae kwa mustari, mutoto! »

Ketsia alicheka mpaka akapaliwa na ugali.

Asante kwa kumtetea, Baba Mkubwa. Neno lako moja limempa mtoto huyu furaha, na Mungu akulipe kwa afya na siku nyingi. Wasalimie Mama Mkubwa, Dany na Roger.

Wako akupendaye,
Marthe

Saa nne na robo usiku. Ninazima taa, ninalala.