Boga la Malimbuko

Jumapili, 9 Oktoba 2011

Mke wangu alininunia asubuhi nzima, na alikuwa na haki. Friji tupu, nami nabeba boga letu la kwanza, tulilolima nyuma ya maghorofa ya mtaa wetu wa Jane na Finch, huku ughaibuni, kulipeleka kanisani kama malimbuko. Lakini mimi mchungaji nitahubirije utoaji mikono mitupu?

Wiki hii kwenye chuo cha theolojia ninakosoma, tumesoma sheria za kale za Uingereza. Kila kasisi mpya alimlipa mfalme mapato yake ya mwaka wa kwanza, yakiitwa malimbuko, hata akiwa fukara, mpaka malkia mmoja akaamua fedha hizo ziwarudie makasisi maskini. Nilisoma kwa wivu. Malkia wangu yuko wapi?

Baada ya ibada, kwenye mnada wa mavuno, Mama Neema, muumini wetu aliye nesi, alipandisha dau la boga langu mpaka wenzake wakajitoa. Akalichukua boga, akampa mke wangu.

"Kapike, Mama Mchungaji. Na wewe Mchungaji, usituletee tena chakula cha watoto wako."

Niliona aibu, kisha nikacheka.

Kodi ya nyumba bado sijui itatoka wapi. Ila watoto wamelala wameshiba boga la nazi. Asante, Bwana.

Mbegu nimezianika dirishani. Boga la kwanza la mwakani, najua nitampelekea nani: malkia wangu, yule nesi.