Mafuta ya Mpofi, Maharagwe ya Masisi

Masisi, Jumatatu, 7 Mei 1962

Maharagwe tena, na bila mafuta. Masere wa jikoni, mtawa anayetupikia hapa shuleni, anasema debe la mwisho limeisha na kamio, lori la kutoka Walikale, haikufika. Nimepangusa kabati la vitabu, kama kila Jumatatu. Nimesoma kurasa mbili za jiografia nikiwa nimesimama. Mvua mchana kutwa. Baridi ya milima hii sijaizoea. Kwetu Mpofi, huko Walikale, msitu unazuia upepo.

Aliyeongea nami leo ni Bernadeta tu, wa kitanda cha jirani. Aliuliza kama nina uzi mweusi. Sina.

Jumatano, 9 Mei

Nimejua kwa nini mafuta hayaji. Ni siasa. Mkoa wa Kivu unagawanyika. Upande wa kaskazini wanaunda mkoa mpya, na Masisi inaingia humo. Sisi wa Walikale hatujakata shauri: kutoka katika Kivu ya zamani pamoja na Masisi, au kubaki na Bukavu. Watu wanagombana sokoni, njiani, hata mbele ya kanisa baada ya misa. Kwetu, wale wanaotaka kubaki wamekataza kuwauzia watu wa Masisi mafuta. Watu wa Masisi nao wamezuia maharagwe yao. Kwa hiyo kwetu wanakula mihogo na mafuta, hapa tunakula maharagwe na maji.

Katika bweni hili mtu wa msituni ni mimi peke yangu. Kila sahani ikiwekwa mezani wananitazama. Bernadeta alisema, "Uulize ba papa yenu, sisi tuliwakosea nini?" Wengine wakacheka. Nikamaliza maharagwe yangu. Nimelitafuta jibu mpaka sasa.

Ijumaa, 11 Mei

Mtu amechora mstari wa kalamu ya risasi katikati ya ramani ya Kivu, ndani ya kitabu cha jiografia. Upande mmoja ameandika SISI, upande mwingine WALE. Nimefuta kwa mkate, taratibu. Maneno yametoka. Mstari bado unaonekana ukiinamisha kitabu kwenye mwanga. Nimekasirika kuliko inavyofaa. Ni kitabu tu. Lakini ni kizuri, na hatuna kingine.

Jumanne, 15 Mei

Masere direkta, mkuu wa shule, aliniita. Mimi nilidhani ni habari ya kitabu.

Ni habari ya darasa la walimu, la kusomea ualimu mwaka ujao. Nimefaulu, jina langu liko juu. Lakini nafasi za mwaka ujao ni za watoto wa mkoa mpya. Walikale ikibaki na Bukavu, nitarudi nyumbani mwezi wa saba na sitaitwa tena. Alisema kwa upole. Alinipa na chai. Ningependa angesema kwa ukali, ningejua namna ya kusimama mbele yake.

Nilitoka nikaenda nyuma ya tangi la maji. Nikalia hapo.

Walikale itoke. Nimeandika. Hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 19 Mei

Kamio moja imepita, imebeba mbao. Dereva ananifahamu, huwa anakula kwetu. Akaniita kwenye fensi, kwa sauti ya watu wote kusikia.

"Mutoto! Papa yako iko nasema vizuri, weye! Kule Walikale siku ya posho, Jumamosi ile ilipita, walimubeba juu. Anasema hatutoki Bukavu, hata kidogo!"

Alidhani habari za baba zitanifurahisha. Na kweli, kwa muda mfupi, nilifurahi. Nikamuona Papa juu ya mabega ya watu, na koti lake la kanisa. Halafu nikakumbuka darasa la walimu.

Wasichana wote walisikia.

Jumapili, 20 Mei

Papa anakamua mawese. Lakini watu wanamjua kwa maneno yake. Kwetu mtu akisimama mbele ya mkutano, kabla ya kila jambo anaita, "Muko?" Watu wanajibu, "Tuko!" Wasipojibu, anaita tena. Mara ya tatu wasipojibu anakaa, na hasemi tena siku ile. Hakuna anayemfukuza. Kunyamaza kunatosha. Kwa hiyo msemaji haendi peke yake, anaenda na mtu wa nyumba yake wa kumjibu. Wa Papa ni ndugu yake mdogo, baba Zakaria. Lakini nilipokuwa mdogo, Papa alifanyia mazoezi kwenye mtambo wa mafuta, na wa kumjibu nilikuwa mimi. Ndipo mahali pekee nilipowahi kupaza sauti.

Leo hakuna aliyekaa karibu nami kanisani. Benchi nzima.

Jumatatu, 28 Mei

Jumamosi kuna mkutano mkubwa hapa, uwanja wa mpira. Wa kutoka watasema, wa kubaki watasema. Watu wa Walikale wanakuja. Shule itaimba. Bernadeta ameuliza, "Papa yako naye atakuja?" Nikasema sijui. Najua.

Jumamosi, 2 Juni

Naandika haraka, kabla taa haijazimwa.

Uwanja ulijaa mpaka ndani ya mahindi ya misioni. Tuliimba, tukakaa kwenye majani, sare zote za buluu pamoja. Wa kwanza alikuwa wa kutoka. Muko? Tuko! Milima ikarudisha sauti. Alisema Bukavu inakula peke yake: shule huko, hospitali huko, kazi huko, sisi kazi yetu ni kupeleka vikapu. Nilikubali karibu kila neno.

Kisha Papa. Koti lake limekuwa kubwa, au yeye amepungua. Alikuja peke yake. Baba Zakaria nilimuona upande wa pili, amesimama na watu wa kutoka, anatazama viatu vyake. Sikujua kwamba wameachana.

"Muko?"

Kimya. Mtu akapiga mluzi. Mwingine akapaza sauti, "Rudi Bukavu na madebe yako!" Mwingine, "Papa, mafuta imekukwama kwenye koo?" Wakacheka uwanja mzima. Bernadeta naye alicheka, mkono mdomoni.

"Muko?"

Alitabasamu vile anavyotabasamu kamba ya mtambo inapokatika. Ilibaki mara moja.

Niliwaza kabati la vitabu. Niliwaza akikaa chini sasa, mambo yataisha upesi, Walikale itatoka, nami nitabaki hapa nisome. Niliwaza hivyo, wazi kabisa.

"Muko?"

"Niko."

Sauti ilitoka ndogo. Nikasimama, nikasema tena, "Niko!" Sare za buluu zote zikageuka. Masere direkta pia. 

Papa hakunitazama. Msemaji hamtazami anayemjibu. Lakini akaanza. Alisema barabara yetu inaenda Bukavu, wagonjwa wetu wanabebwa Bukavu. Alisema Masisi ni ndugu, haachani na Masisi. "Mutu akiwa na soko mbili, nani anamuomba achome moja?" Muko? Niko. Muko? Niko. Sikuamini nusu ya maneno yake na niliyajibu yote. Karibu na mwisho mama mmoja mwenye kikapu alijibu pamoja nami, nadhani kwa huruma.

Alimaliza. Hakuna aliyepiga makofi. Akapita mbele yetu kwenda kwenye kamio, akasimama kidogo.

"Umekonda," alisema.

Akaenda.

Jumapili, 3 Juni

Kitanda cha Bernadeta kimehamia upande wa dirisha. Kati yangu na mtu wa karibu kuna nafasi ya kucheza mpira.

Masere direkta hakuniadhibu. Alisema tu kwamba ana wasiwasi nami.

Alhamisi, 14 Juni

Nimepewa kazi ya kumenya viazi peke yangu. Napenda viazi. Havigeuki kukutazama.

Bado maharagwe na maji.

Alhamisi, 21 Juni

Imekwisha. Wakubwa wa Walikale wamekubali kutoka, pamoja na Masisi. Kengele ililia, watu walicheza ngoma mpaka barabarani. Wameweka bariyeri kwenye njia ya Bukavu, mti mzima uliolazwa kukata barabara, na askari wawili. Kamio za Bukavu haziji tena Mpofi kuchukua mafuta.

Papa ameshindwa.

Jumanne, 26 Juni

Masere direkta amesoma majina ya darasa la walimu. Langu limo. Amenipa ufunguo wa kabati la vitabu niutunze mwaka ujao.

Nimefurahi. Najichukia kwa kufurahi. Yote mawili yapo, hakuna linaloondoka.

Jumamosi, 30 Juni

Siku ya soko. Niliomba ruhusa ya kununua sabuni.

Papa alikuwepo. Amekaa kati ya mama wa maharagwe, madebe yake mbele yake. Ametembea siku nzima na usiku akalala njiani, kwa kuwa hapa ndipo soko lililobaki. Mama wote wanaita wateja. Yeye haiti. Mtu mwenye sauti ile.

Nikakaa chini karibu naye, juu ya gunia.

"Unasoma nini sasa?" akauliza.

Nikamwambia habari ya mito, inakotoka na inakokwenda. Akasikiliza. Ya mkutano hatukuyataja. Nilimwambia pia ya ufunguo. Akaomba kuuona. Akaushika kwenye kiganja chenye mafuta, akaupangusa kwenye koti, akanirudishia.

"Ndio vizuri," alisema.

Kengele ikalia. Kutoka getini nilisikiliza kama ataita. Hakuita. Lakini masere wa jikoni alikuwa anashuka kwenda sokoni na vijana wawili na madebe matupu.

Jioni maharagwe yalikuwa na mafuta, mekundu mpaka ukingoni. Niliyatambua mafuta yake kwa ladha. Papa huchelewa kidogo kuyaondoa motoni, yananuka moshi. Wasichana walikula. Waliongeza, wakaongeza tena. Mimi nilikaa mwisho wa meza, mahali pangu.

Bernadeta alisukuma chumvi mpaka ikanifikia.